Reginald Punnett: Mtu wa kile kisanduku cha biolojia aliyefuata siri za kuku hadi miguuni

Kama ulisoma biolojia sekondari, jina lake umelikuta. Ni lile la kisanduku chenye vyumba vinne au 16, ambacho mwalimu alichora ubaoni akajaza herufi kubwa na ndogo, kisha akauliza: mtoto atatoka vipi?

Wengi hukumbuka kisanduku, wachache humkumbuka mtu. Tena wachache zaidi wanajua kwamba mtu huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake bandani, akihesabu vifaranga, akitazama vilemba vya vichwani, rangi za manyoya, mayai na hata miguu.

Huyu ni Reginald Crundall Punnett, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1967. Mfugaji yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini kuku wake chotara wametoka na miguu ya rangi tatu tofauti, anauliza swali ambalo Punnett alilifanyia kazi zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mtoto wa mjenzi, mgonjwa wa tumbo

Punnett alizaliwa tarehe 20 Juni 1875 katika mji wa Tonbridge, Kent, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kampuni ya ujenzi. Nyumba haikuwa ya wanasayansi, ila ilikuwa na uwezo.

Utotoni alisumbuliwa na kidole tumbo. Enzi zile upasuaji haukuwa jambo la kukimbilia, hivyo mtoto alilazimika kulala na kupumzika mara kwa mara. Akiwa kitandani alisoma vitabu vya wanyama vyenye picha, vya mfululizo wa mtaalamu wa viumbe William Jardine. Hapo ndipo mapenzi yake kwa viumbe yalipoanzia.

Alisoma shule ya Clifton College mjini Bristol, kisha akaenda chuo cha Gonville and Caius, Cambridge. Aliingia akiwa na nia ya udaktari, lakini akageukia elimu ya wanyama na kumaliza mwaka 1898.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alikofundisha kuanzia mwaka 1899. Utafiti wake ulikuwa juu ya minyoo ya baharini, na alikuwa mzuri katika hilo. Angeweza kuishia hapo, bingwa wa minyoo anayejulikana na mabingwa wenzake tu.

Padri aliyefufuka vitabuni

Kilichobadilisha maisha yake kilitokea mwaka 1900, na yeye hakuwepo. Mwaka huo wanasayansi wa Ulaya waliibua kazi ya mtawa Gregor Mendel, iliyochapishwa mwaka 1866 na kusahauliwa. Mendel alipanda njegere, akahesabu, akaonyesha kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kama maziwa na chai. Zinapita kwa mtoto zikiwa vipande kamili, na kipande kinaweza kujificha kizazi kimoja kikajitokeza kinachofuata.

Pale Cambridge, mtu aliyeishika habari hii kwa mikono miwili ni William Bateson. Yeye ndiye aliyetoa jina la elimu hii ya urithi, jenetiki, mwaka 1905. Bateson alitaka kujua kama sheria ya njegere inafanya kazi kwa wanyama pia. Mnyama aliyemchagua ni kuku, na mwaka 1902 alionyesha kwamba ndiyo, inafanya kazi.

Kwa nini kuku? Sababu ni ile ile ambayo mfugaji wa kijijini anaijua. Kuku mmoja anatoa vifaranga wengi kwa msimu, hali nafasi kubwa, na tofauti za kuku zinaonekana kwa macho tu, bila darubini.

Punnett alirudi Cambridge mwaka 1902, na baada ya muda mfupi Bateson akamwalika wafanye kazi pamoja. Ulikuwa ushirikiano wa kipekee. Maabara haikuwa jengo la kifahari. Kuku walifugwa nyumbani kwa Bateson, kijiji cha Grantchester, na mke wake Beatrice alikuwa mmoja wa wafanyakazi wakuu bila mshahara. Kwenye mimea, nguzo ilikuwa Edith Rebecca Saunders, mwanasayansi mwanamke katika enzi ambayo Cambridge haikuwapa wanawake shahada.

Wakubwa wengi hawakuwaunga mkono. Karl Pearson na Walter Weldon, waliotegemea hesabu za vipimo, waliona habari ya Mendel ni ya kurahisisha mambo kupita kiasi, na mabishano yakawa makali. Kwa Punnett, kujiunga na Bateson kulikuwa kuchagua upande ambao haukuwa na pesa wala uhakika.

Vilemba vinne na visanduku 16

Angalia kichwa cha jogoo. Wengi wana kilemba kimoja kilichosimama chenye meno kama msumeno. Lakini wapo wenye kilemba kilicholala, chenye vinundu vingi, kiitwacho cha waridi. Wapo pia wenye kilemba kifupi chenye mistari mitatu, kiitwacho cha njegere.

Bateson na Punnett walipandisha kuku wa waridi na kuku wa njegere. Ungetegemea nini? Waridi, au njegere, au kitu cha katikati. Kumbe vifaranga wote walitoka na kilemba cha aina ya nne, chenye mikunjo kama kokwa ya jozi, ambacho hakuna mzazi aliyekuwa nacho.

Walipowapandisha hao chotara wenyewe kwa wenyewe, ikatokea ajabu nyingine. Kwa wastani, katika kila vifaranga 16, tisa walikuwa na kilemba cha jozi, watatu cha waridi, watatu cha njegere, na mmoja alikuwa na kilemba cha kawaida cha msumeno. Huyo wa mwisho hakufanana na mzazi wala babu.

Maelezo yake ni kwamba kilemba kinaongozwa na jeni mbili, si moja. Ukipata ya waridi peke yake, unakuwa waridi. Ukipata ya njegere peke yake, njegere. Ukipata zote mbili, zinashirikiana na kutoa jozi. Ukikosa zote, unabaki na msumeno.

Maneno matupu hayatoshi kumwonyesha mtu hesabu hii. Punnett akachora mraba: juu aliandika aina zote za mbegu za baba, pembeni aina zote za mayai ya mama, na ndani ya kila chumba akaandika mtoto anayepatikana. Vyumba 16, kila kitu mbele ya macho.

Mchoro huo ulianza kuonekana katika machapisho ya mwaka 1906 na katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1907. Kitabu chenyewe, Mendelism, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1905 na kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha kiada cha elimu hii. Kilikuwa kidogo, chepesi kusomeka, na kilitafsiriwa kwa lugha kadhaa.

Swali la vidole vifupi

Mwaka 1908 Punnett alitoa mhadhara mbele ya madaktari jijini London. Likazuka swali moja gumu. Kuna ugonjwa wa kurithi unaofanya vidole vya mikono kuwa vifupi, na jeni yake ina nguvu kuliko ile ya kawaida. Sasa kama ina nguvu, mbona haienei hadi watu wote wawe na vidole vifupi?

Punnett alihisi hoja hiyo ina kasoro, ila hesabu ya kuithibitisha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni rafiki wa kucheza naye kriketi, G. H. Hardy, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hisabati Uingereza. Akampelekea swali.

Kwa Hardy ilikuwa kazi ndogo. Alionyesha kwamba kama hakuna kitu kinachoingilia kati, kiwango cha jeni kwenye jamii hubaki pale pale kizazi hadi kizazi. Kuwa na nguvu kunaamua nani anaonekana, hakuamui nani anaongezeka. Mjerumani Wilhelm Weinberg alifikia jibu hilo hilo mwaka huo, na leo sheria hiyo inabeba majina yao mawili. Jina la Punnett halimo, lakini bila swali lake Hardy asingeandika.

Na jibu hilo linagusa banda lako. Ngozi nyeupe ya kuku ina nguvu kuliko ngozi ya njano, lakini kuku wa miguu ya njano hawajaisha duniani.

Kuku mweusi hadi mifupani

Tufike sasa kwenye miguu yenyewe.

Kuna kuku kutoka Asia aitwaye Silkie. Manyoya yake ni laini kama pamba, ana vidole vitano badala ya vinne, na ukimchinja utashtuka: ngozi ni nyeusi, utando unaofunika nyama ni mweusi, hata mifupa ina weusi.

Bateson na Punnett walimchukua kuku huyu wakampandisha na Brown Leghorn, kuku wa mayai mwenye asili ya Italia na miguu ya njano isiyo na weusi. Walichokipata walikichapisha mwaka 1911.

Walipotumia mama Silkie na baba Leghorn, vifaranga wote, wa kike na wa kiume, walitoka na weusi kidogo tu. Mtu angesema basi, weusi umeshindwa.

Lakini walipogeuza, baba akawa Silkie na mama akawa Leghorn, mambo yakabadilika kabisa. Vifaranga wa kiume walikuwa na weusi kidogo. Vifaranga wa kike walikuwa weusi tii kama baba yao.

Damu ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni nani baba na nani mama. Kwa watu waliozoea kwamba njegere haijali upande gani ndio mama, hili lilikuwa jambo zito.

Siri iko kwa mama

Kwa lugha ya leo, maelezo ni haya. Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, ziitwazo Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Kwa hiyo kuku mama ndiye anayeamua: akitoa Z, mtoto ni jogoo, akitoa W, mtoto ni mtetea.

Sasa fuata Z hiyo. Mama ana moja tu, na anampa mtoto wa kiume. Binti hapati Z ya mama, anapata ya baba peke yake.

Kwenye Z kuna jeni inayozuia weusi usikae kwenye ngozi ya ndani. Leghorn anayo, Silkie hana. Baba akiwa Silkie na mama Leghorn, mtoto wa kiume anapokea kizuizi kutoka kwa mama, weusi unazimwa. Binti hapokei kizuizi chochote, weusi wa baba unatamba.

Mama akiwa Silkie na baba Leghorn, watoto wote wanapata kizuizi kutoka kwa baba. Ndiyo maana wote walitoka hafifu.

Punnett na Bateson hawakuwa na herufi Z na W kama tunavyoziandika leo, lakini waliliona umbo la jibu: kuna kitu kinacholeta weusi, kuna kingine kinachouzuia, na kile kinachozuia kinatembea na jinsia.

Miguu ya kuku wako inasema nini?

Tangu wakati huo elimu ya rangi ya miguu imekua, na msingi wake unaeleweka hivi. Mguu wa kuku una tabaka mbili za ngozi, moja juu ya nyingine. Rangi unayoiona ni ya tabaka zote mbili zikitazamwa pamoja, kama kioo cha rangi juu ya karatasi.

Tabaka la juu linaweza kuwa jeupe au la njano. Weupe una nguvu, hivyo ili kuku awe wa njano lazima apokee jeni ya njano kutoka kwa baba na mama. Njano yenyewe inatoka kwenye chakula: mahindi ya njano na majani mabichi. Ndiyo maana kuku wa njano akilishwa vibaya, au akitaga kwa muda mrefu, miguu hupauka.

Tabaka la ndani linaweza kuwa na weusi au kukosa. Hapo ndipo kizuizi cha kwenye Z kinapofanya kazi.

Changanya sasa:

• Juu nyeupe, ndani hakuna weusi: miguu myeupe.

• Juu njano, ndani hakuna weusi: miguu ya njano.

• Juu nyeupe, ndani kuna weusi: miguu ya kijivu au samawati.

• Juu njano, ndani kuna weusi: miguu ya kijani.

Ile miguu ya kijani inayowashangaza watu kwa kuku chotara si ugonjwa wala mkosi. Ni njano juu ya weusi, basi. Miguu myeusi kabisa mara nyingi ni ya kuku wenye weusi hadi tabaka la juu, jambo linaloendana na jeni za manyoya meusi.

Kuna la kushika hapa kwa anayefuga. Jogoo wa miguu ya kijivu au kijani akipanda mitetea ya miguu myeupe au ya njano, watoto wa kiume wanaelekea kuwa na miguu isiyo na weusi, na mabinti kuwa na miguu yenye weusi. Ukigeuza wazazi, kanuni hiyo haipo. Ila usikimbilie kuhukumu kifaranga wa siku moja kwa miguu, kwa sababu weusi wa ndani mara nyingi huchukua wiki kadhaa kujitokeza vizuri, na manyoya meusi yanaweza kukupoteza.

Na ile njano yenyewe ina hadithi yake. Babu mkuu wa kuku wetu ni kuku mwekundu wa porini wa Asia, ambaye hana ngozi ya njano. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba jeni ya njano iliingia kutoka kwa ndugu yake, kuku wa kijivu wa porini wa India. Kwa maneno mengine, kuku wa njano anayekula ua wako ni chotara wa tangu zamani.

Nafasi iliyoponyoka

Punnett alikuwa karibu sana na ugunduzi mkubwa kuliko wote wa wakati wake, na ukampita.

Mwaka 1905, yeye, Bateson na Saunders waliona kwamba katika maua ya njegere tamu, baadhi ya sifa zinapenda kurithiwa pamoja. Rangi ya ua na umbo la chavua vilikuwa vikiambatana kuliko hesabu ya Mendel inavyoruhusu. Walijua kuna kitu, wakatafuta maelezo, na maelezo yao hayakuwa sahihi.

Jibu lilitoka Marekani. Thomas Hunt Morgan, akitumia nzi wadogo wa matunda kuanzia mwaka 1910, alionyesha kwamba sifa huambatana kwa sababu jeni zake zimekaa kwenye kromosomu moja. Morgan alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Bateson alizitilia shaka kromosomu kwa miaka mingi, na kundi zima la Cambridge likabaki nyuma.

Uzito wa jambo hili ni kwamba ushahidi walikuwa nao mkononi: maua yanayoambatana, na kuku ambao rangi ya miguu inafuata jinsia. Walikosa kukubali kwamba vitu hivyo vinakaa mahali halisi ndani ya chembe hai.

Hata hivyo Punnett hakukosa heshima. Bateson alipoondoka Cambridge mwaka 1910, yeye alichukua nafasi yake ya uprofesa. Mwaka 1912 akawa profesa wa kwanza wa jenetiki katika chuo hicho, kiti kilichopewa jina la waziri mkuu wa zamani Arthur Balfour. Wawili hao pia walianzisha jarida la Journal of Genetics mwaka 1910, na Punnett akalihariri hadi mwaka 1946.

Vita na tatizo la majogoo

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Uingereza ilibanwa kwenye chakula. Nchi ilitegemea nafaka kutoka ng'ambo, na manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli. Kila gunia la nafaka likawa na hesabu.

Kuku wanakula nafaka. Nusu ya vifaranga wanaoanguliwa ni majogoo, ambao hawatagi. Lakini kifaranga wa kawaida akiwa wa siku moja humjui kama ni wa kiume au wa kike. Mfugaji alilazimika kuwalisha wote kwa wiki nyingi ndipo ajue nani ni nani.

Punnett, aliyekuwa akisaidia idara ya serikali ya uzalishaji wa chakula, alitumia kile alichojifunza. Kama kuna sifa zinazotembea na jinsia, basi chagua wazazi ambao rangi ya watoto itasema yenyewe. Baba wa rangi ya dhahabu na mama wa rangi ya fedha, kwa mfano: mabinti wanatoka na manyoya ya dhahabu kama baba, wavulana wanatoka wa fedha kama mama. Unawatenganisha siku ile ile wanapoanguliwa.

Ni kanuni ile ile ya Silkie na Leghorn, ila safari hii ikiwa kwenye manyoya, ambayo yanaonekana mapema kuliko miguu.

Ukinunua leo vifaranga wa kuku wa mayai wa kahawia, walioletwa kwa boksi wakiwa wa siku moja, mara nyingi wametenganishwa kwa njia hiyo. Mabinti ni wa kahawia, majogoo ni weupe-weupe. Upande wake mchungu ni kwamba majogoo hao kwa kawaida huuawa siku ile ile, na mjadala wa jambo hilo bado unaendelea katika nchi kadhaa.

Kuku anayejitangaza mwenyewe

Mpango wa dhahabu na fedha ulikuwa na kasoro moja. Unafanya kazi mara moja tu. Ukiwapandisha watoto wenyewe kwa wenyewe, alama inavurugika, hivyo mfugaji lazima aweke aina mbili za wazazi kila mara.

Punnett na mwenzake Michael Pease walitaka kuku ambaye vifaranga wake watajulikana jinsia kila kizazi. Suluhisho lilitoka kwenye madoadoa ya Plymouth Rock, yule kuku mwenye mistari myeusi na myeupe. Jeni ya mistari nayo iko kwenye Z. Jogoo anaweza kuwa nazo mbili, mtetea moja tu. Kwenye manyoya meusi tofauti hiyo haionekani vizuri kwa kifaranga, lakini kwenye manyoya ya kahawia inaonekana: wa kiume anapauka, wa kike anabaki na mistari iliyokolea mgongoni.

Kwa kuchanganya Plymouth Rock na Campine wa dhahabu, walipata Cambar. Alikuwa kuku wa kwanza duniani kutengenezwa ili vifaranga wajitangaze jinsia. Baadaye akaja Legbar, mwenye damu ya Leghorn, ambaye ndiye aliyependwa zaidi.

Sambamba na hayo, Punnett alithibitisha siri ya mayai ya samawati. Kuku wa aina hiyo waliletwa Uingereza kutoka Chile na mkusanyaji wa mimea Clarence Elliott. Mwaka 1933 Punnett alionyesha kwamba jeni ya samawati ina nguvu, hivyo mzazi mmoja tu anatosha kuipitisha. Legbar wa rangi ya krimu, ambaye anataga mayai ya samawati hadi leo, anatokana na kazi hiyo.

Doa na hesabu yake

Hadithi ya wanasayansi wa zama hizo ina upande wa giza, na Punnett hakuwa nje yake. Yalikuwepo makundi yaliyotaka kuamua watu gani wazae na gani wasizae, eti kuboresha taifa. Punnett alikuwa karibu na fikra hizo.

Lakini mwaka 1917 alichapisha hesabu ambayo iliwaudhi wenye haraka. Walidhani kuwazuia kuzaa watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu kungeimaliza hali hiyo baada ya vizazi vichache. Punnett, kwa kutumia ile hisabati ya Hardy, alionyesha kwamba hata kama hali hiyo ingekuwa inarithiwa kirahisi hivyo, kuipunguza kutoka mtu mmoja kati ya 100 hadi mmoja kati ya 100,000 kungechukua zaidi ya miaka 8,000. Sababu ni kwamba jeni nyingi zinazojificha zimebebwa na watu wasioonyesha chochote.

Hakuikana fikra yenyewe, ila namba zake zilibaki kuwa hoja dhidi yake. Katika nchi kadhaa sheria za kuwafunga watu uzazi zilipitishwa hata hivyo, na maelfu waliumia.

Miaka ya mwisho

Punnett alimwoa Eveline Maude Froude mwaka 1913. Hawakupata watoto. Mwaka 1922 alitunukiwa Nishani ya Darwin ya Royal Society, na mwaka 1923 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya urithi wa kuku, Heredity in Poultry. Alistaafu Cambridge mwaka 1940 na kuhamia kijiji cha Bilbrook, Somerset.

Alifariki huko tarehe 3 Januari 1967, akiwa na umri wa miaka 91. Alikuwa ameishi muda wa kutosha kuona umbo la DNA likigunduliwa mwaka 1953, katika mji ule ule wa Cambridge alikohesabu vifaranga.

Morgan alipata Nobel, Hardy na Weinberg wakapata sheria. Punnett alipata kisanduku, ambacho mamilioni ya wanafunzi wanakichora kila mwaka. Na bandani, kila anayepokea boksi la vifaranga wa mayai waliotenganishwa kwa rangi anatumia kazi yake, hata kama hajawahi kusikia jina lake.